Shajara ya mradi: raketi mpya kwa mchezaji anayerudi uwanjani, Kampala

Jumamosi, 11 Januari 2025: kupima ya zamani kwanza

Kazi ni kumpatia raketi mchezaji wa miaka 47 aliyeiacha tenisi miaka 16 iliyopita, ambaye sasa anataka kucheza mara mbili kwa wiki. Fohandi yake (pigo la upande wa mkono ulioshika raketi) ni ndefu na ina mzunguko wa kiasi, bakhandi (pigo la upande wa pili) ni ya mkono mmoja, na hupenda kukimbilia wavuni. Kiwiko cha kulia kiliwahi kumsumbua. Bajeti ya raketi peke yake ni Sh 900,000 za Uganda. Tunaoifanya kazi hii ni wawili, mfunga nyuzi na mkufunzi, na kila hatua tunaiandika inapokamilika ili atakayefuata asitumbukie tulipotumbukia.

Majina ya kampuni tumeyaacha makusudi. Raketi mbili za modeli moja, rangi moja na mwaka mmoja hutofautiana kwa gramu kadhaa na milimita kadhaa, kwa hiyo anayenunua jina hana hakika amenunua nini mpaka aiweke kwenye mizani.

Raketi ya zamani tunaiita A. Ni ya grafaiti, ya miaka ya tisini, kichwa inchi za mraba 95 (sentimita za mraba 613), unene wa fremu milimita 19, na mpini umevikwa ngozi. Pamoja na nyuzi ina gramu 351. Kituo cha uzito tulikipata kwa kuilaza juu ya ukingo wa rula iliyosimamishwa, tukaisogeza taratibu mpaka ikatulia bila kuinamia upande wowote: sentimita 31.8 kutoka kwenye tako la mpini. Raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.6, nusu yake ni 34.3, kwa hiyo A ni nzito mpinini na nyepesi kichwani, kama raketi nyingi za enzi hizo.

Kosa la kwanza lilifanyika siku hiyohiyo, na karibu kila anayerudi hulifanya. Tuliiona raketi mpya imeandikwa gramu 300, tukaandika kwamba mchezaji atapungukiwa gramu 51. Si kweli. Uzito unaochapwa kwenye fremu ni wa raketi isiyo na nyuzi. Nyuzi huongeza gramu 15 hadi 17, gripu ya juu (utepe unaozungushiwa mpini) gramu 5 hivi, kidude cha kuzuia mtetemo gramu 2. Kituo cha uzito nacho husogea karibu sentimita 1 kuelekea kichwani nyuzi zinapofungwa. Tangu leo kila namba ya shajara hii ni ya raketi iliyofungwa nyuzi, bila gripu ya juu, isipokuwa tukisema vinginevyo.

Mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu 1: Sh 35,000.

Jumamosi, 18 Januari: uzito wa bembea, jaribio lililoharibika

Uzito wa mizani hausemi jinsi raketi itakavyohisi ikizungushwa. Gramu 10 zilizo mpinini mkono hauzioni sana. Zikihamia kichwani ni mzigo. Kinachopima hilo ni uzito wa bembea, yaani ukaidi wa raketi inapozungushwa kutoka sehemu iliyo sentimita 10 juu ya tako, panaposhikwa na mkono. Hupimwa kwa kilo mara sentimita za mraba, na raketi nyingi za watu wazima zikiwa na nyuzi huwa kati ya 290 na 340. Mashine yake ni ghali, lakini fizikia yake ni ya kidato: itundike raketi, iache ibembee, pima muda.

Tuliazima raketi tatu za kulinganisha. B imeandikwa gramu 300, kichwa inchi za mraba 100 (sentimita za mraba 645), fremu nene ya milimita 26, ngumu. C imeandikwa gramu 285, kichwa 105 (677), ndiyo ambayo wauzaji wengi humpa mtu wa umri huu bila kuuliza swali. D imeandikwa gramu 295, kichwa 100, fremu laini inayopinda.

Tulipigilia msumari ukutani, tukaupitisha kati ya nyuzi mbili za katikati, fremu ikaning'inia kwa upande wa ndani wa ncha ya kichwa, mpini chini. B ikatoa 334 mara ya kwanza, 346 mara ya pili, 323 mara ya tatu. Raketi ileile, msumari uleule, ndani ya saa moja.

Yalikuwa makosa mawili kwa mpigo. La kwanza ni muda. Tulihesabu mabembeo 10 tu, ambayo huchukua takriban sekunde 14, na kidole kwenye saa ya simu hukosea sehemu mbili za kumi za sekunde bila mtu kujua. Kwa mabembeo 10, kosa hilo peke yake ni vipimo 13 hivi. La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: raketi inayoning'inia kwenye msumari hubembea kiubavu, kama pendula ya saa ya ukutani, wakati mchezaji huizungusha uso wa nyuzi ukiwa mbele. Ukibembea kiubavu unapima pia upana wa kichwa, na jibu hutoka kubwa kwa vipimo 14 hivi.

Jumapili, 19 Januari: sindano ya kufumia

Dawa iligharimu Sh 2,000. Sindano ndefu ya chuma ya kufumia sweta hupitishwa kwa kulala kati ya nyuzi za kusimama karibu na ncha, juu ya mmoja na chini ya unaofuata, mpaka itokeze pande zote mbili za fremu. Ncha zake hukaa kwenye kingo za meza mbili zinazotazamana. Sasa raketi inabembea mbele na nyuma, kama inavyopiga mpira. Isukume kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja; bembeo pana mno huharibu hesabu. Hesabu mabembeo 50, kwenda na kurudi ni moja.

Hesabu ya B, kwa anayetaka kurudia. Uzito ni kilo 0.318. Kituo cha uzito ni sentimita 33.0 kutoka takoni. Sindano iko sentimita 64.0, kwa hiyo umbali kati ya sindano na kituo ni 31. Mabembeo 50 yalichukua sekunde 68.4, bembeo moja ni 1.368, na mraba wake ni 1.871. Zidisha 0.318 kwa 978 (mvutano wa dunia hapa kwetu, kwa sentimita) kwa 31, upate 9,641. Zidisha na 1.871, gawa kwa 39.48: 457. Toa 0.318 mara 31 mara 31, ibaki 151.4. Ongeza 0.318 mara 23 mara 23, ambapo 23 ni umbali kutoka alama ya sentimita 10 hadi kituo cha uzito. Jibu ni 320 kasoro nukta chache. Tulirudia mara tatu na majibu yote yakakaa ndani ya vipimo 3.

Matokeo ya zote nne:

A: gramu 351, kituo 31.8, bembea 328.
B: gramu 318, kituo 33.0, bembea 320.
C: gramu 302, kituo 34.0, bembea 322.
D: gramu 313, kituo 32.1, bembea 303.

Itazame C. Ni nyepesi kuliko zote kwenye mizani, lakini ukiizungusha ni nzito kuliko B, kwa sababu uzito wake umesukumwa kichwani. Anayeinua raketi dukani, akaitikisa mara mbili na kusema hii nyepesi, hawezi kuligundua hilo. Atakuja kuligundua katika seti ya pili, bakhandi zinapoanza kuchelewa.

Jumamosi, 25 Januari: siku ya kwanza uwanjani, matokeo yametupwa

Kiwanja cha udongo, saa mbili za kukodi (Sh 15,000 kwa saa), kopo moja la mipira mipya (Sh 30,000). Kila raketi ilipata fohandi 30 za pembeni, bakhandi 30, voli 20 (mpira unaopigwa kabla haujadunda) na sevu 20 (pigo la kuanzisha mchezo). Kwa fohandi na bakhandi tulihesabu mpira ulioingia ndani na kutua nyuma ya mstari wa sevu.

C ilishinda kwa mbali. Mchezaji alisema ni tamu mkononi. B ilimwachia maumivu upande wa nje wa kiwiko asubuhi iliyofuata.

Tulipozitazama nyuzi tukaona hatukuwa tumepima raketi hata moja. B ilikuja na poliyesta ngumu iliyovutwa kilo 25. C ilikuwa na nailoni ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka ilifungwa lini, imelegea, ndiyo maana ilikuwa tamu. D ilikuwa na multifilamenti, uzi laini uliosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi, ya kilo 23. Tatu zina nyuzi tatu tofauti, halafu tunadai tunalinganisha fremu!

Kuna kosa la pili ambalo lingetupita kama mkufunzi asingekuwa na daftari la mpangilio. B ilipigwa kwanza, mwili haujapata moto; D ilipigwa mwisho, miguu imechoka na mipira imeanza kuota manyoya. Ya katikati hupata upendeleo hata kama haistahili.

Kiwiko tumekipumzisha siku kumi. Maumivu ya aina hii yakivuka wiki mbili ni kazi ya mtaalamu wa viungo, tusidanganyane kwa kubadilisha raketi.

Jumanne, 28 Januari: nyuzi za aina moja

Nyuzi zote zimekatwa. Tumefunga multifilamenti ya milimita 1.30 kwenye raketi zote tatu: B na D kilo 23 (paundi 51 hivi kwa wanaozoea paundi), C kilo 24. Kilo moja ya ziada ya C si upendeleo; kichwa kikubwa kina nyuzi ndefu, na uzi mrefu ukivutwa kwa nguvu ileile huhisi umelegea zaidi. Seti tatu, Sh 45,000 kila moja, na ufundi Sh 25,000 kila raketi. Jumla Sh 210,000.

Kwa nini multifilamenti. Poliyesta humfaa anayepiga kwa kasi kubwa na kuukata mpira kwa mzunguko mkali, tena anayekata nyuzi mara kwa mara. Hufa haraka: baada ya saa 10 hadi 20 za mchezo inakuwa waya tu, haikatiki lakini hairudishi kitu, na mshtuko wote huenda kwenye kiwiko. Mchezaji anayerudi huiacha humo mwaka mzima kwa kuwa haijakatika. Uzi wa utumbo wa ng'ombe ni bora kwa mkono kuliko wote, lakini ni ghali na haupendi unyevu, na Kampala ya msimu wa mvua ni unyevu mtupu.

Raketi zitalala kwanza kabla ya kupigwa. Nyuzi mpya hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya mvutano ndani ya siku ya kwanza. Ukipiga siku ileile unaipima raketi ambayo kesho haitakuwapo. Wala zisisahauliwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto hulegeza nyuzi kuliko wiki nzima ya mchezo.

Jumamosi, 8 Februari, na Jumamosi, 15 Februari: jaribio la kweli

Nembo zote zimefunikwa kwa utepe wa karatasi wa wachoraji, mpini na fremu. Mpangilio umezungushwa: tarehe 8 ilikuwa D, C, B, tarehe 15 ikawa B, D, C. Kila raketi imeanza na dakika tano zisizohesabiwa. Mipira mipya kila siku.

Kati ya mapigo 120 ya fohandi na bakhandi kwa siku mbili, yaliyotua nyuma ya mstari wa sevu na ndani ya kiwanja yalikuwa 71 kwa B, 58 kwa C na 74 kwa D. Tofauti ya B na D ni ndogo mno kuamulia. C imetoka. Bakhandi yake ilichelewa siku zote mbili, na fohandi nyingi ziliruka nje ya mstari wa nyuma.

Hapa mahali penyewe panahusika. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na mpira huruka mbali zaidi. Kanuni za shirikisho la kimataifa zina mpira maalumu wa nyanda za juu kwa maeneo yaliyo zaidi ya mita 1,219. Kampala inakaribia mpaka huo. Mbarara na Fort Portal zimeuvuka, na Kabale, karibu mita 2,000, imeuacha mbali. Kwa hiyo ushauri wa kichwa kikubwa na nyuzi zilizolegea ulioandikwa kwa watu wa pwani ya Ulaya haufiki hapa salama. Anayecheza Kabale na mipira ya kawaida aanze kwa kuongeza kilo 1 au 2 za mvutano kabla hajailaumu raketi.

Kilichoamua kati ya B na D ni voli na kiwiko. D ilifika wavuni mapema (voli 33 kati ya 40 zilizokwenda zilikokusudiwa, B 27), na asubuhi iliyofuata kiwiko kilikuwa kimya. Kasoro ya D ni moja na ni halisi: dhidi ya mpira mzito iliyumba mkononi na sevu ilikosa uzito. 303 ni kidogo kwa mtu aliyezoea 328. Lakini kuongeza uzito ni rahisi, kuupunguza haiwezekani. Tumeamua D.

Jumatano, 19 Februari: Sh 150,000 zimepotea

Tulitafuta D iliyotumika kabla ya mpya. Mitumba ya soko la Owino huwa na raketi, nyingi za aluminiamu. Utazijua kwa kipande cha plastiki kilichobandikwa shingoni, pale pembe mbili za fremu zinapokutana. Ya grafaiti ni mwili mmoja. Tulipata D kwa muuzaji mmoja mjini, Sh 150,000, rangi safi. Ilipopanda kwenye mashine ya nyuzi na kuvutwa uzi wa kumi wa kusimama, ikalia kama kijiti. Ufa mwembamba ulikuwa chini ya stika shingoni.

Ukaguzi ambao ungeokoa fedha hizo huchukua dakika tatu. Bandua stika zote. Pitisha ukucha polepole kuzunguka fremu nzima, hasa shingoni na penye tarakimu 10 na 2 kwa mfano wa uso wa saa. Mkwaruzo wa rangi hauushiki ukucha, ufa huushika. Gonga fremu kwa kifundo cha kidole pande zote: sauti kavu inayofanana ni nzuri, sauti iliyopasuka mahali pamoja ni ufa. Bana kichwa kwa viganja viwili, ukisikia mlio mdogo iache. Kitu kinachochezacheza ndani ukiitikisa kwa kawaida ni punje ya gundi, hakina madhara. Mwisho tazama grometi, vile vijibomba vya plastiki ambamo uzi hupita. Zikiwa zimevunjika, grafaiti itaukata uzi, na za modeli ya zamani ni shida kuzipata.

Jumamosi, 22 Februari: kipimo cha mpini

A ina mpini wa L4, milimita 114 kwa mzunguko. Mchezaji alitaka uleule. Tulipima kwa ukanda wa karatasi: vidole vimenyooka na kushikana, kutoka mstari wa katikati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete. Milimita 109. Enzi zile watu walishika mipini minene. Sasa zinazouzwa zaidi ni L2 (milimita 108) na L3 (111). Tuliamua L2 pamoja na gripu moja ya juu, ambayo huongeza milimita moja na nusu hivi.

Ukiwa katikati ya vipimo viwili chukua mdogo. Mpini wa siku hizi ni povu gumu lililomiminwa juu ya fremu; kunenepesha ni kuongeza gripu, kupunguza ni kuusaga na kuuharibu. Lakini usizidishe udogo. Mpini mwembamba hulazimisha mkono kuubana usizunguke, na kule kubana ndiko hupandisha maumivu hadi kiwikoni.

D mpya imeagizwa Nairobi: Sh 780,000, na Sh 30,000 za kifurushi kwa basi.

Jumanne, 4 Machi

Imefika. Gramu 312, kituo 32.1, bembea 302 baada ya kufungwa nyuzi zilezile kilo 23 (Sh 70,000, uzi na ufundi). Karibu pacha wa ile ya kuazima, bahati njema. Ramadhani imeingia na mchezaji amefunga, kwa hiyo uwanjani ni mpaka baada ya Idi. Muda huu ni wa kazi ya karakana.

Jumamosi, 8 Machi: risasi

Utepe wa risasi, yale madini mazito, wa kuongezea raketi uzito hatukuupata mjini. Tulinunua chubwi za wavuvi kule Ggaba, Sh 6,000, tukaziponda kwa nyundo juu ya chuma mpaka unene wa milimita 1, tukakata vipande kwa mkasi. Risasi ni sumu: fanya nje, vaa glavu, usiisage kwa tupa, nawa mikono kabla ya kugusa chakula, na kila kipande kifunikwe kabisa kwa utepe baada ya kubandikwa. Penye watoto wadogo nyumbani, agiza utepe wa tungsteni au acha hatua hii.

Jaribio la kwanza: gramu 6 kwenye ncha, penye tarakimu 12. Bembea ikaruka hadi 322. Ukiizungusha bila mpira unaona mara moja kichwa kinaburuta. Sababu ni mraba wa umbali: gramu 1 kwenye ncha, sentimita 58 kutoka alama ya 10, huongeza vipimo 3.4. Gramu hiyohiyo penye tarakimu 3 au 9, sentimita 43 kutoka hapo, huongeza 1.8 tu.

Tukazihamisha: gramu 3 penye 3, gramu 3 penye 9, upande wa ndani wa fremu kando ya grometi. Bembea 313. Zikikaa pembeni hivi zina faida ya pili: kichwa hakigeuki kirahisi mpira unapogonga nje ya katikati, ndiyo ile kasoro ya kuyumba tuliyoiandika Februari.

Jumapili, 9 Machi: kurudisha uzito mpinini

Kituo cha uzito kilisogea hadi 32.5. Kukishusha hadi karibu na 31.8 ya A kulihitaji gramu 10 karibu na tako. Tulinunua katika soko la Kisekka vile vipande vya kunata vya kusawazisha magurudumu ya gari, gramu 5 kila kimoja, Sh 5,000 kwa ukanda. Tuliviweka chini ya gripu, kimoja kila upande. Kosa. Vina unene wa milimita 4 na vikafanya nundu mbili zinazochoma kiganja, na mpini ukapoteza pembe zake nane ambazo mkono huzitegemea kujua uso wa raketi umeelekea wapi.

Dawa: kifuniko kidogo cha tako hufunguka kwa bisibisi nyembamba, na ndani ya D ni wazi. Kipande kimoja kizima na kingine kilichokatwa vimeshikizwa ndani kwa silikoni ya vioo, jumla gramu 10 pamoja na silikoni yenyewe. Pima silikoni pia, nayo ina uzito. Iache saa 24 raketi ikiwa imesimamishwa tako chini na kichwa juu, vinginevyo vipande huteleza kabla haijakauka. Raketi ambayo mpini wake umejazwa povu haikubali njia hii.

Mwisho: gramu 328, kituo 31.7, bembea 313. Na gripu ya juu, gramu 333.

Jumamosi, 5 Aprili, na Jumamosi, 12 Aprili: uwanjani tena

Mvua za masika zimeanza, udongo mzito, mipira inakunywa maji. Tulicheza asubuhi kabla ya mawingu. D iliyoongezwa uzito ilipata mapigo 81 kati ya 120, voli 34 kati ya 40. Sevu imerudi kuwa na uzito. Kiwiko kimya siku zote mbili.

Tatizo jipya: tarehe 12 mpini uliteleza kwa jasho, na mchezaji akaanza kubana. Gripu ya juu ilikuwa imetumika mara sita. Kwa joto letu ni mara tatu au nne, basi. Pakiti ya tatu Sh 24,000. Ni rahisi kuliko kiwiko.

Udongo nao hula nyuzi. Punje hukaa penye makutano na kuusaga uzi kila unapoteleza. Baada ya mchezo pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, na zilizohama zirudishe mahali pake kwa vidole.

Jumatatu, 14 Aprili: hesabu

Raketi na kifurushi Sh 810,000. Nyuzi na ufundi, raketi nne, Sh 280,000. Kiwanja saa 8, Sh 120,000. Mipira makopo manne, mbali na yale ya siku za mwisho aliyoyatoa mkufunzi, Sh 120,000. Mizani na sindano Sh 37,000. Chubwi, vipande vya magurudumu na gripu Sh 35,000. Fremu yenye ufa Sh 150,000. Jumla Sh 1,552,000.

Anayerudia bila makosa yetu ataondoa Sh 150,000 za ufa na Sh 60,000 za siku ya 25 Januari. Akiwa na raketi mbili za kuazima badala ya tatu, aondoe Sh 70,000 nyingine. Kitu kimoja tusingekipunguza ni nyuzi za aina moja. Bila zile Sh 210,000 tungenunua C, na tungeinunua kwa furaha.

Zilizobaki. Nyuzi za sasa zitakatwa Jumamosi, 17 Mei, hata kama hazijakatika. Seti ijayo itafungwa kilo 23.5, kwa kuwa fohandi nne au tano za tarehe 12 zilitoka kwa urefu wa kiatu tu. Risasi haiguswi mpaka hapo, ili tukiona tofauti tujue imetokana na nyuzi.